Mlango Haujavimba

Shemeji yangu hakuwahi kumwambia mteja "njoo kesho." Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililompa jina, na ndilo alilokuja kulivunja siku alipobanwa. Fundi gani asiyesema njoo kesho? Fundi cherehani hulala na suruali yako wiki tatu. Fundi viatu huvivaa viatu vyako akaenda navyo harusini, na ukimuuliza anakutazama kama wewe ndiye mwenye kosa. Yeye hapana. Akisema Ijumaa, Ijumaa unaukuta mlango wako umeegemea ukuta wa karakana, umepigwa msasa mpaka ukiupitishia kiganja unaona haya kwa ukavu wa mkono wako mwenyewe.

Watu walimwita Mama Randa. Randa, kwa asiyeijua, ni kile chombo cha seremala chenye ulimi wa chuma tumboni, kinachoulamba ubao na kutema maranda yaliyojiviringa kama maganda ya viazi. Alikuwa mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu alipofariki aliacha karakana ya chumba kimoja inayotazama barabara, na vyumba vya kulala nyuma yake, benchi, jiliwa la kubania mbao, misumeno miwili, na madirisha sita ya watu ambayo hayajaisha. Haikupita muda wenye madirisha wakaanza kupita, wanatoa pole kwa sauti ya chini huku macho yanatafuta madirisha. Shemeji akafunga kitambaa kichwani, akachomeka penseli pembeni ya sikio, akaingia kazini. Dirisha la kwanza lilikaa upande kama kofia ya mlevi. La sita, mwenyewe alilipokea akidhani marehemu alilimaliza kabla.

Nilimuuliza, "Shemeji, nani alikufundisha?"

"Nilimshikia mbao mdogo wako miaka kumi na tatu," akasema. "Mwenye kushika anaona kuliko mwenye kukata. Mwenye kukata anatazama mstari tu."

Alikuwa na tabia moja ambayo mimi niliiona ya ajabu, na mimi si mtu wa kushangaa haraka. Nimeishi vya kutosha. Kila mlango alioutengeneza au kuurekebisha aliuandika. Aliandika juu kabisa, kwenye unene wa mbao, upande wa bawaba, mahali ambapo hapasomwi na mtu ila vumbi na buibui. Mwezi, mwaka, na kazi aliyofanya. "Mpya." "Bawaba." "Randa mara nne, kona ya juu." Basi.

"Unaandika ili mlango usisahau?"

"Mlango hausahau, shemeji. Mimi ndiye ninayesahau."

"Na mimi nikifa utaniandika wapi?"

"Kwenye utosi. Nafasi ipo tele."

Nina kipara, ndiyo. Alikuwa hakiachi kipara changu, na mimi nilikuwa siachi miguu yake mikubwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na mdogo wangu angekuwepo angecheka.

Sasa nieleze tulipokaa, maana bila hapo hadithi haisimami. Kulikuwa na kijia kilichopanda mlima, na ubavuni mwake nyumba kumi na moja, moja juu ya nyingine, kama watu waliokaa kwenye ngazi. Ya kwanza ilikuwa chini karibu na barabara, na karakana ng'ambo ya barabara hiyo; ya kumi na moja juu kabisa. Mimi nilikaa ya nne, na kwa magoti yangu hata hiyo ilikuwa mbali. Milango yote ilitazama kijia. Juu ya nyumba ya kumi na moja palikuwa na msitu, si mkubwa, lakini mnene, wa miti ambayo hata babu zetu waliikuta.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya mkwe wa shemeji, mume wa binti yake wa pekee. Kazi yake kupasua mbao, na jina lake Msumeno. Sitaki msomaji amchukie. Alikuwa kijana mchapakazi, mwenye mabega kama kabati, na hakuwahi kukosa adabu mbele ya mama mkwe wake. Akimwona mbali anashusha sauti, anatengeneza shati. Miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia alipewa ruhusa na mwenyekiti wa mtaa kuikata ile miti, akaikata yote. Hakuiba. Alikuwa na karatasi yenye mhuri.

Na sisi tulifurahi. Hapo ndipo ninapopenda kusimama kidogo, maana baadaye kila mtu alisema yeye alijua. Hakuna aliyejua. Tulipata mwanga, tulipata mandhari, nyoka wakahama. Na tulipata milango. Zamani milango yetu ilikuwa ya mabati, ikipigwa na upepo inalia kama sufuria. Mbao za msitu ule zilishuka kwa shemeji, na shemeji akatutengenezea milango kumi na moja ya mbao ngumu, yote sawasawa: bawaba upande wa bondeni, kitasa upande wa mlimani. Mlango wangu ulikuwa mzuri hata nikawa nausalimia.

Mvua ya kwanza ikaja, tukaangalia mlima, mlima ukatulia. Mvua ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Msumeno akapata msemo wake, "Mlima umenyolewa na haujapata mafua," na sisi tukaurudia kama vile tumeutunga sisi.

Mwaka wa nne milango ikaanza kugoma.

Hapo palikuwa na neno lililotupoteza. Mbao, hata ikishakufa, haiachi kunywa. Msimu wa mvua inakunywa unyevu na kunenepa, mlango unabana, na watu wanasema, "Mlango umevimba." Anaitwa fundi, anapitisha randa, kwisha. Kwa hiyo mlango ukigoma hakuna aliyefikiri zaidi. Umevimba. Hata mwenye mlango alikuwa halisemi kwa uchungu, analisema kama anavyosema paka amelala. Shemeji akawa anapanda kijia na randa kwapani, leo nyumba ya saba, keshokutwa ya tisa, anapunguza, anaandika, anashuka.

Na kuta nazo zilianza kupasuka nyufa ndogo. Mwenyekiti, mtu mwema anayependa kuongea kwa methali, akapita nyumba kwa nyumba akituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukaziba. Methali ni nzuri, siibishii, ila haikuuliza ufa umetoka wapi. Tuliziba mdomo wa kitu kilichokuwa kinajaribu kutuambia jambo.

Siku moja ya kiangazi mlango wangu ukagoma kabisa. Nilitoka kwa kuusukuma kwa bega, na kwa umri wangu bega si la kuchezea. Nikateremka karakana.

"Shemeji, mlango umevimba tena."

Alikuwa ananoa patasi. Hakuinua macho. "Umevimba kwa kunywa nini?"

"Nitajuaje? Mimi si mlango."

"Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

Nikahesabu. "Miezi miwili na siku."

Akaweka patasi chini. Akachukua randa, halafu akairudisha mahali pake, akachukua timazi. Timazi ni kamba yenye kipande cha chuma mwishoni. Ukiining'iniza inakuonyesha wima wa kweli. Tukapanda. Alikuwa anatembea mbele bila kuongea, na shemeji asipokutania njiani ujue kuna jambo.

Akaufungua mlango wangu, akaufunga, akaufungua. Akapapasa kona ya juu, upande wa kitasa. Halafu akakaa kwenye kizingiti.

"Shemeji," akasema, "mbao ikivimba inabana ubavu mzima. Mlango ukizeeka, bawaba zinachoka, unashuka. Unakwaruza chini. Sasa huu unakwama juu, tena kona moja tu. Umewahi kuona kitu kizee kinapanda juu?"

"Mimi sijawahi."

"Basi mlango haujavimba. Ni nyumba iliyoinama."

Akaning'iniza timazi kwenye mwimo, ule mhimili wa pembeni ya mlango, juu karibu na bawaba. Kamba haina ndugu wala jirani, inaelekea chini tu. Kule juu kamba iligusa mwimo, lakini chini kabisa vilikuwa vimeachana upana wa kidole kimoja. Fremu yangu nzima ilikuwa imeegemea bondeni, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani wa chini.

Nikasema pengine ni mimi niliyejenga vibaya. Shemeji alikuwa amepanda kwenye kigoda, anafuta vumbi juu ya mlango, anasoma maandishi yake mwenyewe. "Kona ya juu, kitasa," akasoma. "Kona ya juu, kitasa. Kona ya juu, kitasa." Akashuka taratibu. "Mwaka mzima, shemeji. Nimekaa mwaka mzima naishonea nguo nyumba inayoanguka."

Tukaenda mlango kwa mlango. Watu walidhani anakagua kazi yake, wakamsifu. Nyumba ya kwanza na ya pili, kamba na mwimo vilishikana. Ya tatu, unene wa kucha. Ya sita, kidole kimoja na nusu. Ya tisa, viwili. Ya kumi na moja, kwa binti yake, vidole vitatu. Binti alikuwa amembeba mtoto wake wa miezi minne, anatuchekea.

"Karibuni. Baba mkubwa, umepanda mpaka huku? Utashukaje?"

"Nitabingirika," nikasema.

Shemeji hakucheka. Alimtazama mjukuu wake, akatazama kamba, akatazama mjukuu.

Akapita nyuma ya nyumba na mimi nikamfuata, kule kwenye visiki. Juu ya visiki palikuwa na ufa ardhini, mrefu, umejikunja kama ukucha, na nyasi zilikuwa zimeota ndani yake, maana yake haukuwa wa jana. Akainama kwenye kisiki kimoja, akashika mzizi mnene kama mkono wangu, akavuta. Nilitegemea atavuta mpaka usiku. Mzizi ukatoka kwa mvuto mmoja, laini, unanuka uyoga, ukakatika mkononi mwake kama kamba iliyosahauliwa kisimani.

"Miti ilikatwa," akasema polepole, "lakini mizizi ilibaki imeshika. Ndiyo maana mvua tatu zilipita. Mlima ulikuwa unashikwa na maiti, shemeji. Sasa maiti wameachia."

Tulipokuwa tunashuka alinionyesha karibu na nyumba ya tano mahali palipokuwa pabichi, majani ya kijani katikati ya kiangazi. Nilikuwa nimepapita kila siku nikisema tumebarikiwa.

Kesho yake akawaita wenye nyumba wote karakana, pamoja na mwenyekiti. Msumeno alikuja, akasimama mlangoni kwa heshima. Shemeji akaweka ubao mpana juu ya vigoda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, ukawa mteremko. Akapigilia misumari mingi mirefu, ikasimama kama msitu. Akalundika unga wa mbao uliolowa kidogo, akaukandamiza mpaka misumari ikazama.

"Huu mlima una miti," akasema, akamimina maji ya birika juu yake. Maji yakachuruzika chini, unga ukabaki.

Akachukua koleo akaing'oa misumari yote, akalundika unga uleule, akamimina tena. Unga ukabaki.

"Umeona, Mama?" Msumeno akasema kwa sauti ya chini. "Haujaanguka."

"Nimeona, baba. Ndivyo tulivyosema miaka mitatu."

Akamimina tena, kidogo tu. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu lundo zima, bila kuvunjika, likateleza kwa pamoja kama mtu anayevuta shuka kitandani, likaishia kwenye viatu vya mwenyekiti.

Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Viatu vipya," akasema.

Mtu akacheka, wote tukacheka. Tulipomaliza Msumeno akasema, "Mama, mlima si ubao."

"Kweli. Chini ya ubao hakai mjukuu wangu."

Nampa mwenyekiti haki yake: palepale, unga ukiwa bado viatuni, alisema ghala tupu la ushirika litafunguliwa. Kabla ya mvua nyumba kumi zilikuwa zimehama, wengine ghalani, wengine kwa ndugu. Kila mmoja aling'oa mlango wake akaenda nao, mbao ngumu haiachwi, na kwa kuwa ghalani hapakuwa na pa kuitundika, milango ikaletwa kwa shemeji ikaegemezwa ukutani. Mimi nilipewa chumba cha nyuma cha karakana, mimi na redio yangu, na sharti moja kwamba nisimfundishe kazi.

Ilibaki nyumba ya kumi na moja.

Nilimwelewa Msumeno, ingawa sikukubaliana naye. Kuhama kwake kulikuwa sawa na kusema mbele ya watu: ni mimi niliyeukata mlima. Binti naye alimwambia mama yake, "Nikitoka peke yangu, Mama, nitakuwa nimemhukumu mume wangu. Akitoka, tutatoka wote." Na shemeji angefanya nini? Mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwe akampigia kelele. Angemfokea, kijana angeinamisha kichwa, angesema ndiyo Mama, na asingehama. Nilijitolea kumfokea mimi. Shemeji akasema sauti yangu imebaki ya kumwita kuku.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Shemeji akawa anakosea vipimo, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Siku moja alikata mguu wa meza mara mbili na bado ukawa mfupi.

Ndipo Msumeno mwenyewe akashuka. Amesimama mlangoni, anatengeneza shati. "Mama, samahani. Mlango haufunguki kabisa. Tunapitia dirishani. Kama utapata nafasi uupitishie randa kidogo."

Niliona shemeji akiitazama randa, halafu akaitazama bisibisi.

"Nakuja," akasema.

Tukapanda, yeye akiwa na bisibisi tu, hakubeba randa. Akaufungua mlango bawabani, akauinua, akaupapasa, akatikisa kichwa kama daktari. "Huu siwezi kuufanyia hapa, baba. Lazima uende karakana." Tukaubeba mimi na yeye, mimi mbele nikiomba magoti yangu, yeye nyuma. Ukiubeba mlango kichwani kijiani watu wanakuuliza kama umeuza nyumba.

Mvua ya kwanza ikanyesha jioni ile. Mtoto mchanga hawezi kulala nyumba isiyo na mlango, hilo halihitaji kikao. Binti akashuka na mtoto na mfuko wa nguo, hakumhukumu mtu, lilikuwa suala la upepo tu. Msumeno akatundika turubai mlangoni, akabaki analinda vyombo.

Asubuhi akaja. "Mama, mlango?"

Shemeji alikuwa ameupa mgongo. "Njoo kesho," akasema.

Niliangusha kikombe. Si mfano, nilikiangusha kweli, na mpini ukavunjika.

Kesho yake akaja. "Njoo kesho." Keshokutwa, "Gundi haijakauka, njoo kesho." Siku ya nne, "Bawaba sizipendi." Siku ya sita alisema nguvu hana, na muda wote ule alikuwa anapasua mbao ya kabati la mtu mwingine mbele ya macho yake. Mtaani wakaanza kusema Mama Randa amezeeka, sasa amekuwa fundi kama mafundi. Aliposikia hilo aliendelea na kazi, lakini niliona limemchoma. Jina la miaka ishirini alikuwa analipanguza kwa mkono wake mwenyewe, siku kwa siku.

Nilimwambia, "Utamwambia hivyo mpaka lini?"

"Mpaka ahame au mlima uhame."

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo bila kupumua. Siku ya kumi kulipambazuka jua safi, ndege wanaimba, na Msumeno akaja saa nne asubuhi na uso ambao sikuwahi kuuona. Hakutengeneza shati.

"Mama, nakuheshimu kama mama aliyenizaa," akasema. "Lakini nimelala siku kumi nyuma ya turubai kama muuza nyanya. Leo nakaa hapa. Sitoki mpaka nione randa inapita kwenye mlango wangu." Akakaa juu ya gogo, mikono magotini.

"Sawa," shemeji akasema. "Mpe mume wako chai."

Binti akaleta chai. Shemeji akaulaza mlango benchini, akaubana kwenye jiliwa, akachukua randa. Akaanza. Taratibu, kwa mwendo mrefu mzuri, kutoka mwisho huu mpaka ule. Anarudi, anakwenda. Nikawa naangalia kama kawaida, mpaka nikaona kitu kinakosekana. Sauti ilikuwa nyepesi mno.

Msumeno naye ni mtu wa mbao. Akaweka kikombe chini. Akasogea.

"Mama. Randa haitoi maranda."

"Naona, baba."

"Umeuficha ulimi ndani."

"Nimeuficha."

Akapitisha kiganja kwenye kona ya juu, upande wa kitasa. Akapima kwa jicho, huku na huku. "Mlango huu hauna kasoro."

"Hauna."

"Tangu lini?"

Shemeji akaweka randa chini, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ya ukwe wao. "Tangu siku ya kwanza. Haujavimba, mwanangu. Mbao ulizoniletea zilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyezifanya milango, na wewe ndiye uliyezikata, kwa hiyo hilo tutalibeba wawili. Lakini nisingeweza kubeba—"

Hakumaliza. Kulitokea sauti kama lori linamwaga mawe, ila lori hilo halikumaliza kumwaga. Vikombe vikacheza mezani. Tukatoka nje, na kule juu, pale palipokuwa na ule ufa uliojikunja, mlima ulikuwa umekatika kama mkate, wekundu wa ndani unaonekana. Udongo ulishuka na visiki vyake, vikisimama wima kwa muda kama abiria, kisha vikapinduka. Nyumba ya kumi na moja iliikuta ya kumi, na zote mbili zikazizoa za chini yake mpaka ya tano. Yangu ilisimama kidogo, kama inatafakari, nayo ikakaa chini. Vumbi halikuwepo, udongo ulikuwa umelowa mno.

Hakufa hata kuku. Msumeno alisimama barabarani na mikono kichwani. Halafu akarudi ndani, akamchukua mwanawe kutoka kwa mkewe, akakaa naye juu ya gogo lilelile. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Baada ya wiki akaja binti mmoja mpima ardhi, ametumwa na ofisi, buti zake zimejaa tope. Alituuliza mlima ulianza kusogea lini. Tukatazamana. Mmoja akasema mwaka huu, mwingine akasema tangu mwenyekiti achaguliwe. Shemeji akamshika mkono, akampeleka ukutani ilipoegemea milango, akafuta vumbi juu yake. Yule binti akasoma mlango baada ya mlango, nyumba kwa nyumba, mwezi kwa mwezi, na kalamu yake haikutulia.

"Mama, hii uliandika ya nini?"

"Nilidhani naandika habari za milango."

Yule mpima ndiye aliyetueleza mambo vizuri. Alisema udongo wa mlima ule umelala juu ya mwamba ulioinama, kama godoro juu ya bati. Maji yakizama yanafika kwenye mwamba, hayana pa kwenda, yanalainisha pale katikati na kuuongezea udongo uzito. Miti ilikuwa inafanya kazi mbili: kuyanywa maji na kuushona udongo. Mizizi hufa polepole, inaoza mwaka hadi mwaka, na mingine midogo haijawahi kukua kushika nafasi yake. Lakini akasema tusimbebeshe Msumeno lawama peke yake, na hapo akatutazama sisi wengine. Kila mmoja wetu alikuwa ameuchimba mguu wa mlima apate uwanja tambarare. Maji ya mabati yetu tuliyaacha yamwagike mgongoni mwa mlima. Nikakumbuka bomba langu lililovuja tangu ujana wa redio yangu, nikatazama pembeni.

"Tukipanda miti, mlima utatulia?" Msumeno akauliza.

"Panda," akasema yule binti. "Lakini itakuchukua miaka mizizi ifike chini, na kuna miteremko ambayo hata miti haiizuii. Chimba mifereji kwanza. Na msijenge hapa tena."

Msumeno ndiye aliyeongoza kuchimba mifereji, na kila Jumamosi utamkuta kule juu anapanda. Bado anaitwa Msumeno, jina halifutiki kwa jembe. Walipata kiwanja tambarare, upande wa pili wa barabara, na nyumba ilipofika kwenye mlango alikuja karakana, ametengeneza shati.

"Mama, mlango?"

"Chukua," akasema shemeji. "Uko tayari."

Tukautundika siku ileile. Shemeji akaning'iniza timazi, na kamba ikashikana na mwimo kutoka juu mpaka chini. Shingo yake siku hizi inamuuma, hawezi kuandika akiangalia juu, basi akanipa mimi penseli. Nikapanda kigoda wao wakiwa wamenishika miguu. Nikaandika mwezi, nikaandika mwaka.

"Na kazi?" nikauliza. "Niandike nini?"

Akafikiri. "Andika: haukupigwa randa."

Nikaandika kwa herufi kubwa, maana mkono wangu ni wa darasa la nne. Msumeno akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Kilichosikika ni kitasa tu.